Nimepita Oman kutoka milimani hadi pwani ya mawimbi: kwa nini vijiji vya udongo vimehamwa ilhali maji bado yanapita?

#1 Msafiri wa Demani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Nimerejea Dar es Salaam wiki iliyopita baada ya siku kumi na moja nchini Oman, na nimerudi na swali ambalo halijanitoka kichwani tangu siku ya nne ya safari. Tulianzia Muscat, tukapanda Nizwa na Al Hamra, tukashuka Ibra upande wa Sharqiya, tukalala usiku mmoja mchangani karibu na Bidiyah, kisha tukatokea Al Ashkharah kwenye Bahari ya Uarabuni. Huko tuliwakuta vijana wakiteleza kwa mbao zao juu ya mawimbi yaliyokuwa yakiingia moja baada ya jingine kwa mpangilio, kama mistari ya daftari. Mwenyeji wetu alisema mawimbi yale hutokana na dhoruba za upande wa India.

Swali langu, hata hivyo, ni la Ibra. Nilisimama mbele ya nyumba ya ghorofa moja katika mtaa wa kale. Mlango wake wa mbao ulikuwa umelala upande, bawaba ya juu imekatika, na nakshi za fremu zilikuwa bado zinasomeka kwa kidole. Ndani kulikuwa na vidaka ukutani, safu mbili, sawasawa na vile nilivyoviona Lamu. Paa lilikuwa limeporomoka, na magogo ya mtende yalikuwa yamelala katikati ya chumba na udongo juu yake. Hatua chache kutoka hapo mfereji wa falaji ulikuwa unapitisha maji safi, na mtoto alikuwa amekaa ukingoni akiosha miguu.

Maji yapo, mitende inazaa, na tende zinachumwa. Nilipouliza kwa nini watu wamehama, nilijibiwa kwa neno moja: mafuta. Jibu hilo halijanitosha. Ninaomba wanaoijua nchi ile watueleze.

#2 Dereva wa Mabela

Wa alaykum salaam, ndugu.

Ninaishi hapa mwaka wa kumi na nne sasa, na kazi yangu ni kuwazungusha wageni, kwa hiyo swali hili nimeulizwa mara nyingi kiti cha nyuma. Kwanza nikurekebishe kidogo: watu wa Ibra hawakukihama kijiji, walihama mtaa. Ukivuka barabara kuu utawakuta kwenye nyumba za matofali ya saruji, wana umeme, wana viyoyozi, na gari liko mlangoni. Vichochoro vya mtaa wa kale vilipimwa kwa upana wa punda aliyebeba mzigo, na gari haliingii.

Mafuta yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, na Sultani Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970. Hesabu inayotajwa sana hapa ni kwamba siku hiyo nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita kumi za lami na shule tatu. Baada ya hapo barabara, hospitali na shule zilikuja kwa kasi, na serikali ikagawa viwanja. Mtu aliyepewa kiwanja na mkopo wa kujengea angebaki kwenye nyumba ya udongo kwa sababu gani? Kwangu mimi jibu la mwenyeji wako linatosha.

#3 Mjukuu wa Ibra

Nimesoma #2 kwa makini, na ninamheshimu kaka Dereva kwa uzoefu wake, lakini kwa Ibra hasa hadithi inaanza mapema zaidi.

Mimi nilizaliwa Muscat. Mama yangu alizaliwa Unguja, na babu wa babu yangu alizaliwa Ibra, katika nyumba isiyo mbali na hizo ulizozipiga picha. Watu wa Sharqiya, hasa Al Harthi na makabila jirani, walikuwa wakienda Afrika ya Mashariki hata kabla Sayyid Said bin Sultan hajaifanya Zanzibar kuwa makao yake. Baada ya hapo walikwenda wengi zaidi. Nyumba kubwa za Ibra na Al Mudhayrib zilijengwa kwa fedha za karafuu, pembe za ndovu na biashara ya bara, na ndiyo sababu ndugu yetu aliona nakshi na vidaka vinavyomkumbusha Lamu. Mwenye nyumba alikuwa Unguja, Tabora au Ujiji. Nyumbani walibaki wazee na msimamizi wa mitende.

Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wengi walitawanyika, na ruhusa ya kurudi Oman kwa wingi ilipatikana baada ya 1970. Waliporudi walikuwa wamesoma, wengine kwa Kiingereza, na kazi zilikuwa Muscat. Kwa hiyo walirudi Oman bila kurudi Ibra. Nyumba ilikuwa imekwisha kuwa ya kumbukumbu.

#4 Fundi wa Chokaa

Ahsante mwanzisha uzi kwa kutaja bawaba na magogo, maana mtu asipoeleza vitu hivyo hatuna la kujadili.

Nimefanya kazi ya ukarabati wa nyumba za mawe Lamu, na mwaka mmoja nilialikwa Oman kutazama wenzetu wanavyofanya. Ninachotaka kusema ni kwamba kuhama na kuporomoka ni mambo mawili, na mnayachanganya. Nyumba ya tofali la udongo huanza kufa kutoka juu. Paa lake ni magogo ya mtende, juu yake mkeka wa makuti, juu yake udongo uliochanganywa na majani makavu. Udongo huo unatakiwa kupakwa upya kila baada ya misimu michache, na mfereji wa kutolea maji uzibuliwe. Mvua za kule ni chache lakini zinapokuja huja kwa kishindo. Maji yakipata ufa mmoja juu, ndani ya miaka michache boriti inaoza, inavuta ukuta, na ukuta ukifunguka hapana tena nyumba.

Kwa hiyo unapoona paa limeanguka, usikadirie kwamba watu waliondoka zamani sana. Inawezekana waliondoka miaka ya 1980 tu.

#5 Ujiji Yetu

Habari zenu. Naomba kuuliza kabla uzi haujafika mbali: ninafikiria kuwapeleka watoto mwezi Julai shule zikifungwa. Je, tunaweza kupata jangwa na mawimbi kwa safari moja?

#6 Mzee wa Tanga Mbili

Nimefuata bahari zaidi ya miaka thelathini, na nimefika Sur mara mbili kwa jahazi la injini. Naomba kurekebisha jambo moja la #1 na kumjibu ndugu wa Ujiji.

Mawimbi ya Al Ashkharah hayatokani na dhoruba za India. Yanatokana na kusi. Upepo huu huu wa kusi unaotupiga Unguja, ukishavuka ikweta hugeuka na kuelekea kaskazini-mashariki, hupita pwani ya Somalia kwa nguvu kubwa, kisha huitandika pwani ya Oman inayotazama Bahari ya Uarabuni, kuanzia Dhofar, kupitia kisiwa cha Masirah, hadi Ras al Hadd. Nguvu yake kamili ni Juni hadi Agosti, na Septemba hupungua. Muscat na Sur ziko upande wa pili wa rasi, ndani ya Ghuba ya Oman, na ndiyo maana mtu anaweza kuacha bahari shwari Sur na baada ya mwendo mfupi wa gari akakuta mawimbi ya kumtisha mvuvi.

Wazee wetu walilijua hilo bila mitambo. Majahazi ya Sur yalikuja kwetu na kaskazi, yakiwa na tende, ng'onda na papa, na yalirudi na kusi changa ya mwezi wa nne au wa tano yakiwa na boriti. Nahodha aliyechelewa hadi kusi ikapamba moto alikaa Unguja kusubiri demani. Pale Sur kuna jahazi limepandishwa nchi kavu, Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951. Wenyeji walilitafuta likapatikana Yemen, wakalirudisha nyumbani. Nililigusa mbavuni kwa mkono wangu.

Tena huo mchanga wa Sharqiya, ambao zamani ukiitwa mchanga wa Wahiba, umepangwa na upepo wa kusini. Ukiutazama kutoka juu, matuta yake ya upande wa kaskazini yamelala kama migongo ya ngamia kutoka kusini kwenda kaskazini, mengine yanakaribia mita mia moja. Wimbi, tuta na jahazi ni kazi ya upepo mmoja.

Kwa Ujiji Yetu: Julai utapata mawimbi, lakini jangwani joto litawaumiza watoto. Jangwa ni Novemba hadi Machi.

#7 Dereva wa Mabela

Mzee wetu, shikamoo. Kila uzi wa jukwaa hili ukiushika wewe lazima uishie baharini, na mimi hufurahi kila mara. Ila swali la vijiji bado liko mezani.

#8 Mhandisi wa Maji

Ningependa kurudi kwenye mtoto aliyekuwa anaosha miguu, kwa sababu ndugu Msafiri ameyahesabu maji yale kama ushahidi kwamba maji hayana tatizo.

Falaji ni mfereji unaoongozwa na mteremko peke yake. Ule uitwao daudi huchimbwa chini ya ardhi kutoka kwenye kisima mama karibu na mlima, na huweza kwenda kilomita kadhaa kabla haujatokeza kijijini. Wa ghaili huchukua maji ya bonde. Wa aini hutoka kwenye chemchemi. Oman ina takriban falaji 3,000 zinazofanya kazi, na tano kati yake, ikiwemo Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji hugawanywa kwa muda. Kizio chake ni athar, takriban nusu saa, na zamu zilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini na usiku kwa nyota. Mtu hurithi athar zake, huuza au hukodisha.

Sasa pampu za dizeli zilipoingia, kila mwenye shamba aliweza kuchimba kisima chake. Pampu huvuta maji kutoka chini zaidi, kiwango cha maji ya ardhini hushuka, na falaji hupungua au hukauka, kwa sababu yenyewe haiwezi kuyafuata maji chini. Falaji ikipungua, zamu zinakuwa fupi, shamba la mwisho wa mfereji linakauka, na mwenye shamba hilo ndiye wa kwanza kuhama. Aliyebaki karibu na kichwa cha mfereji bado anaona maji. Ulisimama karibu na kichwa au karibu na mkia? Jibu la hilo linaweza kubadilisha swali lako lote.

#9 Msafiri wa Demani

Ahsante dada Mhandisi. Ninapokumbuka, tulikuwa upande wa juu wa kijiji, na mitende ya upande wa chini ilikuwa imekauka vichwa. Niliipiga picha kwa sababu ya mwanga wa jioni. Sikufikiria maana yake.

#10 Msomaji wa Nyaraka

Nimesubiri kuona kama kuna atakayetaja kazi na mikono, na naona hakuna.

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 tende za Oman, hasa aina ya fardh, zilisafirishwa hadi Marekani kwa wingi. Waliochimba, waliosafisha mifereji na waliopanda mitende mingi walikuwa watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa katika pwani na bara letu. Jambo hili linatugusa, na si haki kuyasifu maji ya falaji na nakshi za milango bila kuwataja. Baadaye Wamarekani walianza kulima tende zao California, na soko lile la fardh likafifia. Utumwa nao ulipigwa marufuku rasmi Oman mwaka 1970. Shamba lililotegemea soko lililokufa na kazi isiyolipwa lisingeweza kubaki lilivyokuwa, hata kama yasingepatikana mafuta.

Tena kuna vijiji vilivyokufa kwa vita. Tanuf, karibu na Nizwa, iko magofu kwa sababu ilipigwa mabomu na ndege za Uingereza miaka ya 1950, wakati wa vita vya Jebel Akhdar kati ya Imamu, kiongozi wa maeneo ya ndani ya nchi, na Sultani. Huko hakuna aliyehamia ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo ninamwomba kaka Dereva asitumie sababu moja kwa magofu yote.

#11 Dereva wa Mabela

Nimekubali kuhusu Tanuf. Ninapita pale kila wiki na nilipaswa kuitaja. Kuhusu tende sikubali moja kwa moja, maana wazee ninaowabeba huniambia familia nyingi zililima kwa mikono yao wenyewe na hazikuwa na mtumwa hata mmoja.

#12 Msomaji wa Nyaraka

Hilo nalo ni kweli kwa familia nyingi za milimani. Nilikuwa ninazungumzia mashamba makubwa ya biashara, hasa ya pwani ya Batinah na baadhi ya Sharqiya.

#13 Kijana wa Kilifi

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mawimbi, kwa hiyo nitawaongezea yale ya pwani, kisha nitarudi kwenye vijiji.

Kati ya Al Ashkharah na Asylah ufukwe ni mrefu, mchanga mtupu, na mawimbi ya kusi huingia siku nzima. Maji ni ya baridi kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu kusi husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani na yale ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Hayo maji ya chini yana rutuba, na ndiyo siri ya samaki wengi. Dagaa huanikwa ufukweni kwa magunia, na nilimwona mzee akiwalisha ngamia wake dagaa wakavu kwa mkono kama mtu anayelisha kuku mahindi. Mwezi Julai Muscat ilikuwa inachemka na huku tulivaa fulana za mikono mirefu jioni.

Tahadhari zangu ni hizi. Sikuona mwokoaji ufukweni, mikondo ina nguvu, na anayeanza asiingie peke yake. Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba, ni miezi ya vimbunga. Gonu ya Juni 2007 iliiharibu vibaya pwani hiyo. Pia ni pwani ya wavuvi na familia zao, kwa hiyo jifunike unapotoka majini.

Sasa kuhusu vijiji: vijana wa pale waliniambia kwamba babu zao waliishi pwani msimu wa samaki na kupanda kwenye mitende ya ndani msimu wa kuchuma tende. Nyumba tupu kwao haikuwa jambo la ajabu. Kila nyumba ilikuwa tupu nusu ya mwaka. Pengine baadhi ya mitaa tunayoiona imehamwa haikukusudiwa kukaliwa mwaka mzima.

#14 Ujiji Yetu

Kijana wa Kilifi, ahsante kwa hayo ya msimu. Mzee wa Tanga Mbili, tumeahirisha hadi Desemba. Watoto wamekubali kuyakosa mawimbi, lakini ngamia wa dagaa wanamtaka.

#15 Mama Mwaka Kogwa

Nimesoma tu muda wote, ila ninataka kuwaonya wanaotoka mchangani kwenda pwani kwa njia za mkato. Mwaka juzi mume wangu na mimi tulikodi gari kwa mtu aliyetuhakikishia kwamba gurudumu la akiba lipo. Upande wa Bar al Hikman, mkabala na Masirah, kuna uwanda wa chumvi unaoitwa sabkha. Juu ni ganda jeupe, kavu, limenyooka kama sakafu. Chini yake ni tope. Ganda lilipasuka, gari likakaa hadi tumboni, na tulipofungua nyuma hapakuwa na gurudumu wala jeki. Tulivutwa na wavuvi baada ya saa nne, na hawakupokea hata baisa moja. Walitupa kahawa na tende, wakatuelekeza tufuate alama za magurudumu ya zamani na tusizikanyage sehemu zenye weupe unaong'aa.

Mchangani punguzeni upepo wa magurudumu hadi karibu nusu, msiende gari moja, na kagueni kila kitu wenyewe kabla ya kuondoka.

#16 Fundi wa Chokaa

Pole sana mama.

Ninarudi kwenye mada kwa kutaja Misfat al Abriyin, juu ya Al Hamra, ambayo inapingana na karibu kila maelezo yaliyotolewa humu. Ni kijiji cha udongo na mawe kilichobandikwa mlimani. Gari haliingii. Barabara, umeme na mafuta vilifika kama kwingine. Vijana wake nao walikwenda kufanya kazi Muscat. Lakini falaji yao inafanya kazi, ngazi za mashamba zinalimwa, na familia zenyewe zimegeuza baadhi ya nyumba kuwa za kulaza wageni. Mwaka 2021 shirika la utalii la Umoja wa Mataifa lilikiweka katika orodha ya vijiji bora vya utalii. Kilomita chache chini yake, mtaa wa kale wa Al Hamra una nyumba ndefu za udongo zenye karne kadhaa, na nyingi ziko tupu.

Nilimuuliza fundi mmoja wa pale tofauti ni nini. Alisema kwamba Misfat watu walikubaliana. Nilimuuliza walikubaliana nini. Akasema: nani apake paa la nani.

#17 Mhandisi wa Maji

Misfat falaji yake inatoka mlimani juu ya mashamba, ambako si rahisi kwa mtu kuchimba kisima na kuwakatia wenzake maji. Ninaamini jiografia imechangia sawa na makubaliano.

#18 Mjukuu wa Ibra

Maneno ya fundi huyo yamenigusa, na yananilazimu nieleze jambo ambalo sikulisema kwenye #3.

Nyumba yetu haikuporomoka kwa sababu hakuna aliyeitaka. Tatizo ni mirathi. Babu wa babu aliacha wake watatu na watoto kumi na mmoja, na nyumba haikugawanywa. Kila mmoja alipofariki fungu lake lilikwenda kwa warithi wake. Miaka miwili iliyopita binamu yangu aliketi na daftari akawaandika wote waliopo hai. Wako Muscat, Unguja, Mombasa, Dubai, Bujumbura, na wawili Uingereza. Jumla yao ni watu sitini na watatu. Wapo ambao fungu lao halifiki upana wa mlango. Yeyote atakayepaka paa bila idhini anaweza kuulizwa kesho kwa nini amejimilikisha, na kwa hofu hiyo kila mmoja ameiacha mvua iamue. Wanaoishi Mji Mkongwe na Lamu wanalijua vizuri jambo hili.

Sidai kwamba hii ndiyo sababu ya Ibra nzima. Hata kwa nyumba yetu mambo ya kaka Dereva na ya dada Mhandisi yote yamo, maana shamba letu liko mkiani mwa mfereji. Ila tumepata sahihi za watu hamsini na wanane. Ijumaa baada ya sala tunampigia simu shangazi wa Bujumbura, ambaye ana watoto wanne na huwasemea wote. Akikubali tutaanza na chumba cha mbele, kile chenye vidaka, kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Ndugu Msafiri, ukiwa bado una picha ya ule mlango ulioanguka bawaba, nitumie; nataka kumwonyesha shangazi nakshi ya fremu, kwa sababu anasema anaikumbuka kwa maelezo ya mama yake na hajawahi kuiona.

#19 Msafiri wa Demani

Nimekutumia picha sita kwenye ujumbe binafsi. Ya tatu inaonyesha fremu kwa karibu. Upande wa kulia, chini, kuna herufi mbili zilizokwanguliwa kwa kisu, na sikuweza kuzisoma.